Oskar Barnack, Fundi Aliyeitia Kamera Mfukoni

Siku hizi mtu akitaka kupiga picha hutoa simu mfukoni, akaibonyeza, kisha akaendelea na safari yake. Tumelizoea jambo hilo hata hatulistaajabii tena. Lakini wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Zamani kamera ilikuwa mzigo wa kumtoa jasho mtu mwenye nguvu. Mmoja wa watu waliouondoa mzigo huo alikuwa fundi Mjerumani, mgonjwa wa pumu, ambaye elimu yake kubwa aliipata mezani pa kazi na si katika chuo kikuu. Jina lake ni Oskar Barnack. Nitasimulia maisha yake, na mwishoni nitaeleza jinsi ya kuzitambua kamera za namna aliyoibuni. Naona jambo hilo lina faida, kwa sababu kamera hizo hunadiwa sana katika intaneti pamoja na vitu vingine vya mitumba, na asiyezijua huweza kununua shaba kwa bei ya dhahabu.

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba, mwaka wa 1879, katika kijiji cha Lynow, kusini ya mji wa Berlin. Alipokuwa angali mtoto wazazi wake walihamia Lichterfelde, karibu na mji huo mkubwa. Alipomaliza masomo ya shule aliwekwa kuwa mwanagenzi kwa fundi Julius Lampe, aliyetengeneza vyombo vya kutazamia nyota. Kazi hiyo haimpendi mtu mwenye haraka. Kosa dogo kama unene wa unywele hukifanya chombo kizima kuwa si kitu. Humo ndimo kijana Barnack alimojifunza kupima, kukata na kusugua chuma mpaka kikae sawasawa.

Ilikuwa desturi ya mafundi wa Ujerumani wa wakati ule kwamba kijana akihitimu huenda kutembea miji mbalimbali, akafanya kazi kwa mabwana wengi ili aongeze ujuzi. Barnack naye alitembea hivyo, hata akafika Austria. Mwaka wa 1902 aliingia katika kiwanda cha Carl Zeiss katika mji wa Jena, kiwanda kilichokuwa na sifa duniani kwa lenzi na hadubini zake. Mwaka uliofuata alimwoa Emma Leopold, nao wakapata watoto wawili.

Jena imo katika nchi ya misitu na vilima iitwayo Thuringia. Barnack alipenda sana kutembea huko siku za mapumziko na kupiga picha za mandhari. Lakini kamera za wakati ule zilitumia vioo vilivyopakwa dawa. Kamera yake ilichukua kioo cha upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 18. Kila picha ilitaka kioo chake, na kila vioo viwili vilitaka kisanduku chao cha kuvikinga na mwanga. Juu ya hayo ilikuwako kamera yenyewe, na miguu mitatu ya kuisimamishia, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Mtu mzima wa afya angechoka. Basi itakuwaje kwa mtu ambaye akipanda kilima pumzi humwishia?

Wengine wangeacha kupiga picha, au wangeacha kupanda vilima. Barnack aliyapenda yote mawili, akaona kwamba kinachopasa kubadilika ni chombo. Alifikiri hivi: kwa nini picha ya kwanza iwe kubwa? Mtu akipiga picha ndogo sana, lakini safi sana, aweza kuikuza baadaye nyumbani katika chumba cha giza. Alipokuwa Jena alijaribu kukigawanya kioo kimoja kipokee picha ndogo nyingi. Picha zilipatikana, lakini zilipokuzwa zilikuwa na chenga kama zilizonyunyizwa mchanga, maana dawa ya vioo vile haikuwa laini ya kutosha. Jaribio lilishindwa. Wazo halikufa.

Katika kiwanda cha Zeiss alikuwako rafiki yake mmoja, Emil Mechau, fundi wa mashine za kuonyeshea sinema. Mwaka wa 1910 Mechau alihamia kiwanda cha Ernst Leitz katika mji mdogo wa Wetzlar, kando ya mto Lahn. Huko akamsifu Barnack kwa mabwana wake. Mwezi wa Januari, mwaka wa 1911, Barnack naye akahamia Wetzlar, akawekwa kuwa mkubwa wa karakana ya majaribio.

Kiwanda cha Leitz kilikuwa maarufu kwa hadubini. Mwaka wa 1907 hadubini yake ya 100,000 ilitolewa zawadi kwa Daktari Robert Koch, mtaalamu aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu. Koch huyo ndiye aliyekaa katika visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria, miaka ya 1906 na 1907, akichunguza ugonjwa wa malale uliokuwa ukiwaangamiza watu wa Uganda. Basi kiwanda alichoingia Barnack kilikuwa kimezoea kazi ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hapana mahali palipomfaa zaidi.

Katika Wetzlar Barnack alishughulika pia na sinema, akatengeneza kamera ya sinema kwa mikono yake. Hapo ndipo alipopata kile alichokikosa Jena. Filamu ya sinema ilikuwa ukanda mwembamba wenye upana wa milimita 35, wenye matundu pande zote mbili, na dawa yake ilikuwa laini kuliko ya vioo. Kila picha ya sinema ilikuwa na milimita 18 kwa 24. Barnack aliona kwamba ni ndogo mno. Basi akaulaza ukanda upite kwa ubavu, akaziunganisha nafasi mbili ziwe moja, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Tufanye hesabu kidogo: kile kioo chake cha zamani kilikuwa na eneo la milimita za mraba 23,400, na picha hii mpya ilikuwa na 864 tu. Maana yake, alitaka picha iliyo ndogo mara 27 ifanye kazi ya ile kubwa.

Mwezi wa Machi, mwaka wa 1914, kamera ya kwanza ilikuwa tayari. Ilikuwa ya chuma, ncha zake mbili za mviringo, na iliingia mfukoni. Ndani yake mlikuwa na werevu mmoja ambao watu wengi hawaujui: kitufe kimoja kilifanya kazi mbili. Mtu alipokizungusha, filamu ilisogea mbele, na papo hapo pazia la kupitishia mwanga likajikaza tayari kwa picha inayofuata. Kwa njia hiyo mpiga picha hakuweza kusahau na kupiga picha mbili juu ya nafasi moja. Bwana mkubwa wa pili wa kiwanda, Ernst Leitz mtoto, aliichukua kamera ya namna hiyo akasafiri nayo mpaka New York mwaka huohuo.

Mwezi wa Agosti Ujerumani ikaingia katika vita kuu. Barnack alikuwa barabarani na kamera yake ndogo, akapiga picha siku tangazo la kuwaita askari lilipobandikwa katika mji wa Wetzlar. Mwaka wa 1920 mto Lahn ulipofurika, alipiga picha za mitaa iliyojaa maji. Picha hizo zilionyesha faida ya chombo chake: mwenye kamera ya vioo angekuwa angali anasimamisha miguu mitatu na jambo limekwisha kupita.

Hata hivyo miaka kumi ilipita kamera ile isiuzwe. Kwanza palikuwa na vita, kisha ikaja taabu ya fedha. Katika Ujerumani bei za vitu zilipanda kwa namna ambayo ni vigumu kuisadiki: mwezi wa Novemba, mwaka wa 1923, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki 4,200,000,000,000. Watu walioweka akiba maisha yao yote waliona akiba hiyo haitoshi kununua mkate. Viwanda vilikosa wanunuzi, na wafanyakazi wa Wetzlar wakawa na hofu ya kukosa kazi. Katika shida hiyohiyo Barnack alikuwa akiitengeneza kamera yake upya. Mwenzake Max Berek, mtaalamu wa hesabu za lenzi, aliibuni lenzi mpya iliyoweza kutoa picha safi kutoka katikati mpaka pembeni. Mwaka wa 1923 zikatengenezwa kamera chache tu za kujaribia, wakapewa watu wenye ujuzi wazitumie na kutoa maoni. Maoni hayakupatana. Wengine walisifu, wengine waliona ni kitu cha kuchezea.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1924, Ernst Leitz mtoto, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufariki, aliwaita wakubwa wa kiwanda wafanye shauri. Shauri lilikuwa gumu. Kiwanda cha hadubini hakijapata kuuza kamera. Mashine mpya zilitaka fedha nyingi, na fedha ilikuwa haba. Wakishindwa, kiwanda chaweza kuanguka na mamia ya watu wakose riziki. Wasipojaribu, hadubini peke yake hazikuonekana kuwa zitatosha kuwalisha watu hao. Wengi katika mkutano walipinga. Saa nyingi zikapita. Mwisho Leitz alisimama akakata shauri mwenyewe: kiwanda kitajihatarisha, na kamera ya Barnack itatengenezwa. Yapasa tukumbuke kwamba fundi peke yake hatoshi. Lazima awepo mtu wa kumwamini wakati ambapo kumwamini kuna hasara.

Kamera hiyo ilionyeshwa kwa watu mwezi wa Machi, mwaka wa 1925, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Iliitwa Leica, jina lililofanywa kwa kuunganisha mwanzo wa neno Leitz na mwanzo wa neno kamera. Ilichukua picha 36 kwa filamu moja, na pazia lake liliweza kufunguka kwa muda wa sehemu moja ya 20 ya sekunde mpaka sehemu moja ya 500. Wapiga picha wazee waliidharau kwa udogo wake. Vijana waliipenda. Daktari Paul Wolff wa Frankfurt aliwaonyesha watu kwamba picha ndogo ikisafishwa kwa uangalifu hukuzwa kuwa kubwa na safi. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa amerudi kutoka Ivory Coast, aliinunua yake Marseille, akaitumia kupiga picha za watu njiani bila wao kujua. Mwaka wa 1932 Robert Capa, kijana mwenye umri wa miaka 19 kama mimi ninayeandika, aliingia nayo katika mkutano wa Copenhagen, akampiga picha Leon Trotsky akihutubia.

Lakini Leica ya kwanza ilikuwa na upungufu mmoja. Mpiga picha alipaswa kukisia umbali wa kitu, au kuupima kwa chombo cha pembeni, kisha auandike mwenyewe kwenye lenzi kwa kuizungusha. Akikosea, picha hutoka na ukungu. Barnack alilishughulikia jambo hilo, na mwaka wa 1932 ikatoka Leica ya pili, yenye kipima-umbali ndani yake, kilichounganishwa na lenzi.

Anayetaka kuelewa kipima-umbali na afanye hivi. Inua kidole mbele ya uso, ufumbe jicho la kushoto, kisha ufumbe la kulia. Utaona kidole kinaruka upande. Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Kamera nayo ilipewa macho mawili, yaani madirisha mawili madogo ya mviringo. Vioo vilivyomo ndani huzileta picha za macho yote mawili mahali pamoja, na mtu achunguliaye huona kitu kimoja kikiwa viwili. Azungushapo lenzi, picha hizo hukaribiana. Zikilaliana zikawa moja, lenzi imekwisha kukaa kwenye umbali wake wa kweli. Kamera za namna hiyo ndizo ziitwazo kamera za kipima-umbali. Mwaka huohuo kampuni ya Zeiss Ikon nayo ilitoa yake, iitwayo Contax, na mashindano yakawa makali. Mwaka wa 1933 Leica ya tatu ikaongezewa mwendo wa polepole wa pazia, mpaka sekunde nzima.

Barnack hakuishi siku nyingi baada ya hapo. Ugonjwa haukumwacha, naye alifariki tarehe 16 Januari, mwaka wa 1936, katika mji wa Bad Nauheim, akiwa na umri wa miaka 56. Siku hizo namba zilizochorwa juu ya kamera za Leica zilikuwa zimekwisha kupita 150,000. Wafanyakazi waliohofu kukosa kazi mwaka wa 1924 walikuwa wakitengeneza chombo kilichotafutwa na dunia nzima.

Chombo kikisifiwa huigwa. Katika mji wa Kharkiv, nchini Ukraine, palikuwa na makao ya vijana yatima na waliookotwa njiani, yaliyosimamiwa na mwalimu Anton Makarenko. Vijana hao waliifungua Leica, wakaijifunza kipande kwa kipande, na mwaka wa 1934 wakaanza kutengeneza kwa wingi kamera kama hiyo, iitwayo FED. Baada ya vita vya pili ikafuata Zorki, kutoka Krasnogorsk karibu na Moscow, mwaka wa 1948. Hapakuwa na aibu katika kazi ya mikono ya vijana wale. Aibu ilikuja baadaye, watu wengine walipofuta jina la FED au Zorki wakachora la Leica, ili wapate bei isiyo haki yao.

Sasa nieleze jinsi ya kuzitambua. Kwanza, tazama madirisha ya mbele. Leica ya miaka hiyo isiyo na madirisha mawili ya mviringo haina kipima-umbali. Iliyo nayo, na katikati yake dirisha la pembe nne la kutazamia, ni ya pili au ya tatu. Ikiwa mbele pana kitufe kidogo cha kuzungusha cha mwendo wa polepole, hiyo ni ya tatu. Pili, tazama juu. Leica ya kweli ya miaka hiyo ina jina lake kwa mwandiko wa kuunganisha, na jina la Ernst Leitz, Wetzlar, na namba. Herufi ziwe safi, za kina kimoja. Zikiwa zinayumba, au chuma kando yake kimesuguliwa, jihadhari.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, mwombe muuzaji akuonyeshe picha ya kamera ikiwa imetolewa lenzi. Ndani, upande wa juu, utaona mkono mdogo unaoguswa na lenzi ili kuendesha kipima-umbali. Katika Leica mkono huo huishia kwa gurudumu dogo la mviringo. Katika FED na Zorki huishia kwa kipande kigumu kilichochongwa, kisichozunguka. Mwenye kughushi hufuta jina kwa urahisi, lakini mara nyingi mkono huo huuacha. Nne, kamera iliyopakwa rangi ya dhahabu, au yenye alama za jeshi la Hitler, au za michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1936, mara nyingi ni FED au Zorki iliyovishwa nguo ya uongo.

Kuitambua kamera hakutoshi, tazama na afya yake. Pazia lake ni la nguo iliyopakwa mpira, nalo likizeeka hupasuka na kupitisha mwanga. Mulika lenzi kwa tochi: ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, na katika nchi zetu zenye joto na unyevu huota upesi. Muuzaji asiyetaka kuonyesha sehemu hizo, mwache na mali yake. Na ukipata FED inayouzwa kwa jina lake na kwa bei ya haki, usiidharau. Itapiga picha, nayo itakufundisha kazi kama ilivyowafundisha vijana wa Kharkiv.

Mwezi wa Juni, mwaka wa 2022, iliuzwa katika mnada wa Wetzlar kamera namba 105, moja ya zile za majaribio za mwaka wa 1923, ambayo Barnack mwenyewe aliitumia. Ilinunuliwa kwa euro milioni 14.4, na hapo hapakuwa na kamera iliyopata kuuzwa ghali hivyo. Lakini urithi wake mkubwa haunadiwi. Kipimo alichokichagua, milimita 24 kwa 36, mpaka leo ni kipimo cha kamera nyingi zinazotumiwa na wapiga picha wa magazeti, ijapokuwa filamu zimetoweka ndani yake.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu huyataja mapungufu yetu kama sababu ya kutofanya jambo: huyu hana nguvu, huyu hana fedha, huyu hakubahatika kwenda chuo kikuu. Barnack alikuwa na kifua kibovu na mzigo mzito, naye aliutazama mzigo huo miaka mingi mpaka akaupunguza, kwa ajili yake na kwa ajili yetu sote. Kila mmoja wetu na autazame mzigo wake mwenyewe kwa jicho hilo.

Mwanafunzi, Kidato cha VI